Usikabidhi programu hiyo Jumatatu: dirisha langu lilipotea wiki ya Maulidi

Usikabidhi. Usifunge mkoba wa laptopu, soma hapa kwanza.

Umeandika kwamba Jumatatu unakwenda kuweka programu ya mapokezi kwenye hoteli ndogo hapo Malindi, na unataka madirisha yake yatikisike yanapoburutwa, kama yale ya Compiz, ile programu ya Linux ya kupamba madirisha. Umeuliza springi, yaani ile ya hesabu inayolivuta dirisha, iwe ngumu kiasi gani, uyajenge madirisha kwa Qt au kwa GTK, na umtoze mwenye hoteli pesa ngapi. Kisha ukabandika mistari mitano ya msimbo. Mstari wa nne ndio ulionifanya niache chakula mezani: unachukua kasi, unaizidisha kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, yaani mara ya mwisho kioo kilipochorwa, unajumlisha kwenye mahali dirisha lilipo. Mdogo wangu, mstari huo naujua. Niliuandika hivyohivyo mwaka 2016 hapa Lamu, na ulinitoa shilingi 45,000.

Hatua ya muda ya springi, yaani kipande cha muda kinachopigiwa hesabu kila mara, isibadilike. Kioo kichore fremu 60 kwa sekunde au kichore 6, springi zihesabiwe kwa hatua ileile, kila mara, kwenye kila mashine. Hata ukiyasahau mengine yote niliyoandika, hili lishike.

Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Nilimtengenezea mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, huku Langoni, programu ya kuandikisha vyumba. Jedwali la vyumba, tarehe, nani kalipa, nani bado. Nikaona nitie uhai. Kila pembe ya dirisha niliifunga kwa springi yake: ukiliburuta, pembe zinachelewa kidogo, kisha zinafika, zinapita, zinarudi, zinatulia. Lilikuwa linapinda kama tanga likipata upepo. Bi Mkubwa alilipenda. Wageni waliosubiri ufunguo walisimama nyuma ya dada wa mapokezi kulitazama. Nami nilijivunia, na mpaka leo nayapenda madirisha ya namna hiyo. Mkono unahisi umeshika kitu, na jicho linaona kimeshikwa wapi. Sikatai athari hizi hata kidogo. Nakataa mstari wa nne.

Kwenye laptopu yangu mambo yalikuwa shwari, fremu 60 bila kukatika. Kwenye kompyuta ya mapokezi nililijaribu asubuhi, likaenda vizuri. Nikalipwa 25,000, nikaondoka.

Kompyuta ile ilinunuliwa Mombasa ikiwa imeshatumika ofisini, ikaja kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi hapa. Draiva ya kadi ya michoro haikuwahi kuwekwa, kwa hiyo prosesa ndiyo iliyokuwa ikichora kila kitu. Ilikaa chini ya meza, karibu na mlango unaoingiza upepo wa bahari. Feni ilikuwa imejaa vumbi lililogandishwa na chumvi. Mashine ikipata joto, prosesa hujipunguzia mwendo isije ikaungua. Asubuhi ilikuwa ikitoa fremu 40. Mchana wa kaskazi, nilikuja kupima baadaye, ilikuwa ikitoa 15 tu. Mimi nilijaribu asubuhi.

Mwaka ule Maulidi yaliangukia Desemba. Unajua Lamu inavyokuwa wiki hiyo, hata ubao wa kulalia hupati. Mimi nilikuwa kisiwani Pate harusini. Alasiri dada wa mapokezi akaliburuta dirisha la vyumba pembeni ili aone kikokotoo. Likaanza kutetemeka. Likatetemeka zaidi. Pembe moja ikatoka nje ya kioo, ikafuata ya pili, kisha dirisha zima likakimbia, wala punda wa mashindano asingelifikia. Akafanya ambalo ningefanya mimi au wewe: akazima kompyuta, akawasha. Programu ikafunguka na dirisha halipo. Akazima tena, akawasha tena. Halipo.

Akanipigia simu. Boti ya Pate husubiri maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda, kwa hiyo nilifika kesho yake adhuhuri. Kufikia hapo vyumba viwili vilikuwa vimeshapewa watu wengine, kwa sababu dada wa watu alikuwa anaandika kwenye karatasi na hakuweza kuona nani alikwisha kulipa tangu Novemba. Familia mbili kutoka Mombasa zilikuwa zimekaa barazani na mizigo yao, na mtoto mchanga. Nikawatafutia vyumba kwingine, usiku nne, vyumba viwili, shilingi 2,500 kila kimoja kwa usiku. Ni 20,000. Na zile 25,000 nikamrudishia Bi Mkubwa kwa mkono wangu. Hakuzidai. Alinitazama tu akasema, “Mwanangu, mimi daftari langu halikimbii.” Mpaka leo nikipita mlangoni kwake nayasikia maneno hayo.

Na kumbukumbu za vyumba zilikuwa salama wakati wote. Jedwali lilikuwa zima ndani ya diski, halikupotea hata jina moja. Ila hakuna jicho lililoweza kuliona.

Sasa hesabu. Ichukue kalamu, maana wewe unataka namba na mimi nilizipata kwa gharama. Uzito wa pembe niliufanya 1, ugumu wa springi 300, na breki, ile inayoua mtikisiko, 12. Ukitumia njia ya Euler kama ilivyo, yaani hiyo ya mistari yako mitano, ambayo mwanahisabati Euler mwenyewe aliichapisha mwaka 1768, springi ya namba hizi hutulia maadamu hatua ya muda ni fupi kuliko breki kugawa kwa ugumu. 12 kwa 300 ni 0.04, milisekunde 40. Fremu 60 kwa sekunde ni hatua ya milisekunde 16.7, salama. Fremu 40 ni milisekunde 25, salama bado. Fremu 15 ni milisekunde 67. Hapo kila fremu mtikisiko unakua kwa karibu asilimia 24 badala ya kupungua. Pikseli 10 baada ya sekunde moja zimekuwa karibu 250. Baada ya sekunde mbili zimepita 6,000, na kioo cha mapokezi hakina hata pikseli 2,000 kwa upana. Breki ipo, imefungwa, inafanya kazi, lakini hatua ni ndefu mno: kila springi inapovuka upande wa pili inafika mbali kuliko ilikotoka.

Na haiishii hapo. Nilikuwa natumia namba za biti 32. Kwa mwendo huo, chini ya nusu dakika namba inapita uwezo wake na kuwa “isiyo na mwisho”. Ukitoa isiyo na mwisho kwenye isiyo na mwisho unapata NaN, yaani si namba. Programu yangu ilikuwa na adabu ya kuhifadhi mahali pa dirisha inapofungwa, ili kesho likufungukie palepale. Ikahifadhi NaN. Nilikuwa pia nimeweka ulinzi wakati wa kufungua: kama mahali pa dirisha pamezidi upana wa kioo, lirudishe ndani. Lakini NaN ukiiuliza kama ni kubwa kuliko 1,366, upana wa kioo kile, jibu ni hapana. Ukiiuliza kama ni ndogo kuliko sifuri, jibu ni hapana. Ikapita mlangoni mara zote mbili, ikaingia kwenye springi, na chochote kinachojumlishwa na NaN kinakuwa NaN. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hakukusaidia kitu. Nilipofungua faili la mipangilio nikaona x=nan na y=nan. Nikafuta mistari hiyo miwili na dirisha likarudi hapohapo, huku familia zile zikinitazama kutoka barazani.

Nani alinifundisha mstari wa nne? Video. Nina hakika ni ya aina hiyohiyo uliyoitazama wewe. Jamaa ana sauti tulivu, ana mashine ya kuchezea michezo yenye kadi ya michoro ya bei ya mashua, anasema zidisha kwa muda uliopita na programu yako itakwenda sawa kwenye kompyuta zote. Kwa kitu kinachosogea kwa kasi moja, ni kweli, nami namkubalia. Kwa springi si kweli, na aliifundishia springi! Hakuwahi kuifungua programu yake kwenye mashine dhaifu hata mara moja. Niliandika chini ya video yake yaliyonipata, kwa heshima zote, na hesabu nikamwekea. Akanijibu nimshauri mteja anunue kompyuta mpya. Bi Mkubwa mwenye vyumba sita, anunue kompyuta mpya ili dirisha lisikimbie. Nilikasirika siku ile na nimekasirika sasa ninapoandika, kwa sababu naona bado watu wanamsikiliza.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hao tunaowaiga walilijua. Compiz hiyohiyo unayoipenda, aliyoitoa David Reveman mwaka 2006 akiwa kwenye kampuni ya Novell, hulitandika dirisha juu ya nukta 16, nne kwa nne, zilizofungwa kwa springi baina yao, kisha uso wa dirisha unapindwa kwa kufuata nukta hizo kwa njia ya Bezier, yaani hesabu ya mikunjo laini. Na ukiufungua msimbo wake utaona muda uliopita unagawanywa kwa 15, zinahesabiwa hatua nzima ngapi zimo, hatua hizo zinapigwa moja moja, na kipande kilichobaki kinawekwa kwa fremu ijayo. Milisekunde 15, daima. Limo mle tangu zamani, wazi, kwa yeyote anayefungua kusoma. Mimi nilitazama video badala ya kusoma.

Wewe unataka nukta 16 kama za Compiz, na hapo umeniogopesha zaidi. Mimi kila pembe ilikuwa na springi yake peke yake. Nukta ikivutwa na majirani zake wote, mtandao mzima unakuwa mgumu kuliko springi moja, na ule mpaka wa milisekunde 40 unashuka chini kabisa. Kwa hiyo mashine ambayo mimi ingenivumilia, wewe itakuangusha.

Fanya hivi. Muda uliopita tangu fremu iliyotangulia usiupe springi. Umimine kwenye debe, yaani namba moja ya kujumlishia muda. Kisha chota kwa kibaba cha milisekunde 5: maadamu debe lina kibaba kizima, chota, piga hatua moja ya springi, rudi tena. Kilichobaki, kisichotimia kibaba, kiache kwa fremu ijayo. Kwenye fremu 15 utachota mara 13 au 14 kwa kila fremu, na hesabu ya springi kumi na kadhaa ni kitu kidogo sana hata kwa prosesa iliyochoka. Kinachoilemea ni kuchora. Debe likizidi milisekunde 100, kwa mfano mashine ilikuwa imelala, mwaga kinachozidi, la sivyo itajaribu kulipa deni lote kwa mara moja na itazidi kuchelewa.

Kuna watakaokuja hapa chini wakuambie badilisha tu mpangilio: sasisha kasi kwanza, kisha mahali kwa kutumia kasi mpya. Ni ushauri mzuri, ufuate. Lakini usiufanye badala ya kibaba. Kwa namba zangu, njia hiyo inavumilia hadi milisekunde 82, kama fremu 12 kwa sekunde. Mashine ikishuka hadi 10 inalipuka vilevile, na mchana wa kaskazi 10 si mbali na 15.

Na kabla ya kuhifadhi mahali pa dirisha, uliza kama ni namba halali. Usihifadhi mahali pa pembe zinazotikisika kabisa. Hifadhi pale dirisha linapokusudiwa kutulia.

Ugumu wa springi: anza na 300 na breki 12 kama mimi, zilikuwa zinapendeza, kisha ongeza breki mpaka dada wa mapokezi aache kupepesa macho. Wapo wanaopata kizunguzungu kwa madirisha haya kama walio kwenye mashua siku ya mawimbi, kwa hiyo weka swichi ya kuzima, mahali panapoonekana.

Jumapili usiku, kabla hujalala, weka usingizi wa milisekunde 100, yaani programu isimame kwa muda huo, ndani ya kila fremu yake, kwenye laptopu hiyohiyo nzuri. Kisha shika dirisha uliburute huku na huku kwa dakika nzima. Ubandike hapa ulichokiona, pamoja na mistari mipya. Nitakuwa macho.