Injini kuukuu ya lori hutiwa oili lita ngapi?

SWALI: Fundi, salaam. Nimenunua Canter iliyotumika, yenye injini ya 4D33, ili nibebe viazi kutoka Njombe hadi Dar es Salaam. Fundi wa kwanza alimwaga oili ya zamani na kutia galoni mbili za lita 5 bila kupima. Siku ya pili gari likaanza kutoa moshi wa bluu, na oili ikatapakaa kwenye bomba la kupumulia injini. Fundi wa pili alisema oili imezidi, akapunguza kwa kukisia. Naomba unitajie idadi kamili ya lita, na kama ni lazima kubadilisha kila baada ya kilomita 5,000. (Msomaji, Makambako)

JIBU: Ndugu msomaji, sitakutajia namba moja, kwa sababu injini ya aina moja hufungwa katika magari tofauti na sampo zake, yaani mabakuli ya oili yaliyo chini ya injini, huweza kutofautiana kina, na kwa gari lililopita mikononi mwa watu kadhaa huwezi kuapa kwamba sampo iliyopo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Wapo wanaosoma kwamba 4D33 ina sentimita za ujazo 4,214 wakadhani hesabu hiyo inahusu oili, kumbe ni nafasi ya silinda zake nne tu. Hata kitabu cha gari huweza kutoa namba tatu: ya sampo peke yake, ya sampo pamoja na filta, na ya injini kavu iliyotoka kufunguliwa. Anayechukua ya tatu kwa kazi ya kawaida atazidisha, maana iko oili inayobaki ndani hata baada ya kumwaga.

Pima mwenyewe mara moja, kisha hutauliza tena. Egesha gari mahali tambarare injini ikiwa na moto, fungua nati ya sampo, na uiache oili ichuruzike kwa dakika 20 bila haraka. Funga filta mpya baada ya kupaka oili kwenye mpira wake, urudishe nati, kisha utie lita 6 kwa chombo chenye alama, na baada ya hapo lita moja moja huku ukisubiri ishuke na kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kila mara. Andika ni lita ya ngapi iliyogusa alama ya chini na ni ya ngapi iliyofika ya juu. Washa injini mpaka taa ya oili izimike, uzime, usubiri dakika 10, kisha uongeze kile kilichoingia kwenye filta. Jumla hiyo ndiyo ya gari lako. Iandike kwa rangi ndani ya mlango, mahali ambapo fundi yeyote ataiona kabla ya kushika galoni. Hakikisha tu kwamba dipstiki ni ya injini hiyo, kwa kuwa nimeona nyingi zilizovunjika zikabadilishwa na za gari jingine.

Yaliyokupata yana maelezo yake. Oili ikizidi, krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huifikia na kuichapa kama mayai ndani ya bakuli, pampu ikavuta povu badala ya oili, na presha ikashuka ingawa oili ni nyingi. Kwa injini ya dizeli kuna hatari kubwa zaidi: oili inayopanda kwenye bomba la pumzi ikifika katika njia ya hewa huungua kama dizeli, na injini inaweza kupandisha kasi yenyewe hata baada ya kuzimwa.

Kuhusu muda, kilomita 5,000 kwa gari la umri huo, katika milima na vumbi, ni kipimo ambacho mimi ningekifuata. Lakini lori linalonguruma limesimama kwenye foleni ya mizani huchosha oili bila kuongeza kilomita hata moja, kwa hiyo hesabu kila saa ya namna hiyo kama kilomita 40 hivi. Tumia oili ya uzito wa 15W-40 yenye alama ya ubora ya CH-4 au CI-4. Herufi C ndiyo ya dizeli, na iliyo na S peke yake ni ya petroli. SAE 40 nzito, katika asubuhi za baridi za Makambako mwezi wa Julai, huchelewa kufika juu ya injini.

SWALI: Ninatunza lori la Kiingereza la miaka ya 1970, na kitabu chake kinasema galoni 3. Nikitia ninachoita galoni 3, dipstiki inabisha. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inabisha kwa haki. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, kwa hiyo kitabu chako kinataka lita 13.6. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, nayo ingekupa 11.4 tu. Dukani, hata hivyo, galoni ni chombo cha plastiki, na vitatu vya lita 4 ni 12, vya lita 5 ni 15. Ukikuta neno painti katika kitabu hicho, ni lita 0.568. Geuza kila kitu kuwa lita kabla ya kufungua kifuniko.

SWALI: Oili yangu huwa nyeusi siku ya pili tu. Je, ni bandia? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Weusi peke yake si ushahidi. Injini ya dizeli hutoa masizi, na oili nzuri huyabeba badala ya kuyaacha yagande kwenye pistoni. Kinachopaswa kukutisha ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili ya maji, au kiwango kinachopanda chenyewe kwenye dipstiki pamoja na harufu ya dizeli. Ukiona mojawapo usiliwashe lori. Livutwe hadi gereji.