Usiliuze Boksi la Mzee kwa Kilo

Msomaji mmoja ameniandikia juzi. Baba yake, marehemu, alikuwa opereta wa kompyuta serikalini miaka ya sabini. Ameacha boksi la kadi zenye matundu (kadi ngumu za karatasi, matundu yake ndiyo maagizo na takwimu za kompyuta ya enzi hizo), bahasha ya picha na kompyuta ya mezani ya miaka ya baadaye. Ndugu wanataka kumwita mtu wa vyuma chakavu. "Kaka, humu kuna cha maana?"

Kipo, tena kikubwa, ila si chuma.

Vitu hivi nimevikusanya tangu nikiwa fundi kijana Kariakoo, na jina la chizi nimeshalizoea. Kuna ofisi niliiandikia barua kuomba picha za chumba chao cha zamani cha kompyuta. Nilijibiwa mlangoni, kwa mdomo, kwamba wao hawagawi taka. Baadaye nikasikia zimechomwa. Mpaka leo nikipita pale natazama upande wa pili.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilikuwa za kuhesabika, na waliozishika vilevile. Picha ya enzi hizo ikipotea, usidhani jirani ana nakala.

Ninayoringia kuliko zote ni ya akina mama kwenye mashine za kutoboa kadi, mmoja kaegesha pochi juu ya boksi la kadi. Nyuma haikuwa na neno. Nikampelekea bibi mmoja mstaafu, Magomeni. Akavaa miwani, akawataja mmoja mmoja: huyu mkono wake ulikuwa mwepesi, huyu aliolewa na opereta. Nikaandika palepale.

Wamarekani nao yaliwakuta. Picha za 1946 za ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo za kielektroniki, zina wanawake kando ya mashine. Miaka ya themanini mwanafunzi Kathy Kleiman alipouliza ni akina nani, akaambiwa ni warembo wa kupamba picha. Kumbe ndio walioiandikia programu! Uingereza, Tony Sale na wenzake walipoanza mwaka 1993 kuijenga upya Colossus, mashine ya kufumbua siri za Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale Bletchley Park ilikofanya kazi, walikuwa na picha nane za 1945 na vipande vya michoro ambavyo mafundi walivificha kinyume cha amri. Picha nane tu, na mashine ikawaka.

Kwa hiyo andika majina. Penseli laini, nyuma, pembeni. Peni hapana, wino hupenya. Picha zitoe kwenye albamu za kurasa za gundi, na zisikae karibu na bati la paa. Kadi usizichanganye, mpangilio wake ndio programu yenyewe, wala usizifunge kwa rababendi, ikizeeka hunata. Kompyuta usiiwashe "kujaribu". Ifungue kwanza, itoe betri ya mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani, ikivuja inakula shaba. Na majina, jamani, andikeni majina.

Vijana wa programu mnaonisoma, kila mmoja anataka historia imtaje. Nani atawataja nyie, ikiwa nyie wenyewe hamumjui hata mtu mmoja aliyewatangulia?

Mdogo wangu, mtu wa chuma mwambie asubiri. Mtafute mfanyakazi mwenza wa mzee aliye hai, umwonyeshe picha. Mimi nitumie kwanza upande wa nyuma. Huko ndiko kunakuwa na mhuri wa studio.