Maswali ya Wasomaji: Ruhusa za Mafaili Kwenye Seva

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Seva yetu ni ya Linux. Faili la mishahara ni langu na nililiwekea ruhusa 444, yaani kusoma tu. Mwenzangu, ambaye si msimamizi, amelifuta. Imewezekanaje?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Angalia folda, si faili. Katika Linux folda ni orodha ya majina, na kufuta faili ni kuondoa jina kwenye orodha hiyo. Mwenye ruhusa ya kuandika (w) na kupita (x) kwenye folda anafuta faili lolote lililomo; ruhusa za faili lenyewe haziulizwi. Mwenzako hakuweza kubadili hata tarakimu moja ndani yake, ila angeweza kulifuta na kuweka jingine lenye jina lilelile. Hilo ndilo la kuogopa zaidi, kwani huenda msingegundua.

Andika chmod 1770 (chmod ni amri ya kubadili ruhusa) ukitaja folda hiyo. Ile 1 ya mbele hufanya faili lifutwe na mwenye faili, mwenye folda au root (msimamizi mkuu) tu. Hakikisha kwa amri ls -ld: mwanzoni mwa mstari itaonekana drwxrwx--T. Usiitumie kwenye folda ambamo watu huhariri mafaili ya wenzao. Word, kwa mfano, huhifadhi kwa kuandika faili jipya kisha kulipa jina la lile la zamani, na hapo itakataliwa.

Na tafadhali, mishahara isiwe 444. Ile 4 ya mwisho humfungulia kila mwenye akaunti anayeweza kuifikia folda. Weka 600 (mwenye faili tu asome na kuandika), au 640 kama kikundi kinahitaji kusoma.

SWALI: Folda ya kikundi cha uhasibu kwenye seva ya Linux ina 770 (mwenye folda na kikundi wana ruhusa zote, wengine hawana), tunaifungua kutoka Windows kwa Samba, programu ya kushiriki folda za Linux na Windows. Kila faili jipya linahaririwa na aliyelitengeneza tu. Tatizo nini?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Matatizo ni mawili. Kwanza, faili jipya huchukua kikundi kikuu cha mtengenezaji, si cha folda. Weka 2770 badala ya 770: ile 2 ya mbele hufanya faili jipya lichukue kikundi cha folda, na folda ndogo zitakazotengenezwa humo zitarithi. Pili, create mask ya Samba (kikomo cha ruhusa za faili jipya) isipoguswa ni 0744, hivyo kikundi kinaachiwa kusoma tu. Katika smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, sehemu ya folda hiyo, andika:

create mask = 0660
force create mode = 0660
directory mask = 2770
force directory mode = 2770

Pitisha testparm kukagua makosa ya uandishi, kisha smbcontrol all reload-config ili Samba isome mipangilio mipya.

Mafaili ya zamani hayabadiliki yenyewe. Ukiwa ndani ya folda:

chgrp -R uhasibu .
find . -type d -exec chmod 2770 {} +
find . -type f -exec chmod 660 {} +

Usifupishe kwa chmod -R 770, maana kila hati itageuka kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Kumbuka pia kwamba faili lililohamishwa kwa amri ya mv ndani ya diski ileile huja na kikundi chake cha zamani.

SWALI: Kwenye seva ya Windows nimempa mtumiaji udhibiti kamili wa folda inayoshirikiwa, lakini hawezi kuandika.
– Msomaji, Kigoma

JIBU: Anayeingia kwa mtandao hupimwa mara mbili, kwa ruhusa za kushiriki na za NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows), na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshika. Fungua kichupo cha usalama cha folda, umpe humo ruhusa ya kurekebisha. Ukimwongeza kwenye kikundi, lazima atoke kwenye kompyuta yake na kuingia upya.