Kabla ya Kuokota, Sikiliza Mtaa

Vijana wanaoanza sanaa ya vitu vilivyotupwa huniuliza gundi gani inashika chuma na plastiki. Ni epoksi, ile ya mirija miwili, na madukani ipo. Swali ninalotamani waulize ni jingine: kitu hiki kilikuwa cha nani, na kilikuwa kikifanya kazi gani?

Mimi hutumia chuma, sauti na video, na malighafi yangu hutoka Nairobi, hasa Gikomba, Kamukunji na barabara ya Luthuli. Usiguse kitu kabla hujakirekodi. Kipige picha palepale kilipo, kisha washa kinasa sauti cha simu na usimame kimya. Kamukunji mafundi hugonga mabati mpaka yawe masanduku ya wanafunzi wa bweni, na milio haifanani: bati pana hunguruma, lililokwisha kukunjwa hulia kwa ukali. Ukiondoka na bati bila mlio wake, umebeba nusu.

Nina kioo cha pembeni cha matatu, kimepasuka, fremu yake imefungwa kwa waya na ukanda wa tyubu. Lile fundo sikuligusa wala kulisafisha. Mtu alilikaza kwa haraka ili gari lirudi barabarani, na mimi siwezi kubuni kitu kizuri kuliko hicho. Nyuma ya kioo nimetia spika ndogo ya Luthuli inayotoa sauti za makanga wakiita abiria. Watazamaji huinama kujiangalia, wakajikuta wanaitwa.

Mtazame pia Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayeunda miwani kwa waya na vyuma vilivyotupwa. Miwani ni sanamu, na picha yake akiwa ameivaa ni kazi nyingine kamili. Jiulize kitu chako kinaweza kuishi wapi zaidi ya ukutani.

Jambo ninaloshikilia kuliko yote: mtaani hakuna taka isiyo na mwenyewe. Chuma kilicho kando ya mtaro kuna mtu atakayekiokota akakipime kwa kilo, apate chakula cha jioni. Basi nunua kwake, kwa bei ya mizani au zaidi, na umuulize kilikotoka. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, zikiwemo nguzo za umeme. Nyaya za umeme au vipande vya reli usivipokee, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Vaa glavu za ngozi, pata chanjo ya pepopunda. Betri iliyovimba iache. Usichome nyaya ili utoe shaba. Moshi wake ni sumu, na majirani nao wanauvuta.

Siku ya maonyesho, kwenye kibandiko andika mtaa kitu kilikotoka, na aliyekuuzia, akikubali, jina lake liwe kando ya lako. Mwalike, na nauli umtumie mapema.