Chale Kumi na Nne na Chai ya Kusafisha Limfu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akitaka nimshauri kuhusu chai ya kusafisha limfu (umajimaji wa mwili unaopita katika mishipa yake na kurudi kwenye damu), ambayo ameuziwa kwa shilingi 45,000 na kuahidiwa kwamba itamtoa uvimbe wa mguu ndani ya siku 21. Nilimjibu kwa ukali ambao pengine hakustahili, na kwa kuwa ninajua ukali ule ulikotoka, ni haki nijieleze.

Nilizaliwa Pangani, katika mwambao ambako tulikua tukiwaona wazee wenye matende na mabusha na kudhani kwamba ndiyo uzee wenyewe. Nilipokuwa na miaka 31 mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba. Kabla ya hapo nilikuwa nikisumbuliwa mara kwa mara na mtoki uliokuja na homa na kutetemeka, ukanilaza siku nne tano, kisha ukapoa nami nikarudi darasani kufundisha. Uvimbe ulipokuwa haushuki tena hata asubuhi, shangazi alinipeleka kwa mganga, naye akanichanja chale kumi na nne kuzunguka ugoko ili maji mabaya yatoke. Maji yalitoka kweli, yakalowesha khanga niliyofungia mguu kwa siku tatu, na siku ya nne nikashikwa na homa ambayo sijaona mfano wake tangu hapo. Ilipoondoka iliniachia mguu mnene kuliko awali. Shangazi nimekwisha kumsamehe, mganga bado.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi wa zahanati, aliyechukua kalamu akanichorea umbo la mtu nyuma ya kadi yangu. Damu inapopita katika mishipa myembamba kabisa, alisema, umajimaji wake huvuja ukaenda kuzilisha seli. Sehemu kubwa hurudi, lakini lita zipatazo 3 kwa siku hubaki nje, na mishipa ya limfu ndiyo inayozichota. Limfu hiyo hupitia kwenye tezi, ambazo mtu ana zaidi ya 500, nyingi zikiwa kinenani, kwapani, shingoni na tumboni, na humo chembe nyeupe hukagua kila kinachopita na kupambana na vijidudu, jambo linalofanya tezi ivimbe na kuuma hata tukaiita mtoki. Mwisho hurudishwa kwenye damu, chini ya mtulinga. Kilichonishangaza ni kwamba mfumo huu hauna moyo wake. Kuta za mishipa hujiminya zenyewe, lakini limfu husukumwa pia na misuli tunapotembea na kifua tunapovuta pumzi, huku vali ndogondogo zikiizuia isirudi chini. Minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu, huishi ndani ya mishipa hiyo kwa miaka 6 hadi 8, ikiitanua mpaka vali zinashindwa kufunga. Limfu ikituama, ulinzi wa mguu hudhoofika, na bakteria wanaopenya kwenye ufa mdogo tu katikati ya vidole huweza kuleta homa, na kila homa huzidisha uharibifu. Kumbe kila chale ilikuwa mlango nilioufungulia vijidudu kwa fedha yangu mwenyewe.

Tangu siku ile kila jioni ninauosha mguu kwa sabuni na maji safi, ninaukausha kwa kitambaa laini, hasa katikati ya vidole ambako watu wengi husahau, ninaupandisha juu ya mto, ninazungusha kifundo, na sitembei peku. Osheni, kausheni, tembeeni: sina siri nyingine. Mwezi huu nimetimiza miezi 19 bila homa, na ninavaa kiatu cha kufunga, mimi niliyewahi kuombwa na wakwe nikae nyuma ya pazia harusini ili wageni wasinione. Mguu haujawa kama wa zamani wala sitarajii uwe.

Tena, ndugu zangu wa pwani, acheni kiburi. Kingatiba ya matende, yaani ivermektini na albendazo, ilianza kugawiwa Tanzania mwaka 2000, nami nilikuwa miongoni mwa waliozificha tembe chini ya ulimi kwa kuamini kwamba zinaua uzazi. Tembe zile huua vimelea wachanga walio katika damu ili mbu wasiwabebe kwa jirani, lakini haziurudishi mguu uliokwisha kuharibika. Na hiyo chai itasafisha nini, ilhali tezi ndizo zinazoichuja limfu, na taka za damu huondolewa na ini na figo?

Nilimwambia msomaji wangu aende hospitali kwanza, maana uvimbe wa mguu unaweza kutokana na moyo, figo au damu iliyoganda, na hiyo iliyoganda haisubiri siku 21. Alinijibu kwa neno moja, "Asante." Baadaye alinitumia picha ya pakiti: alikuwa amefika siku ya tisa.