Vitafunio vya baharini kwa sherehe ya mtoto, bila oveni

Dadangu, nimekusoma. Binti anafunga miaka sita, anataka sherehe ya mambo ya baharini, wageni ni watoto kama ishirini hapo kwako Kisauni, na oveni huna. Ukaweka na picha za keki za nguva zilizovikwa sukari ya kukandwa, ukauliza utazifanyaje nyumbani. Mimi kwetu ndiye wa kuitwa jikoni kukiwa na sherehe ya mtoto, wa kwangu na wa ndugu zangu, kwa hivyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Picha hizo ziweke kando. Zimepigwa kwenye vyumba vya eisi. Joto la kaskazi likikutana na unyevu wetu huu, sukari ile hutoa jasho ikanata, na siagi iliyopigwa na sukari huteleza ubavuni mwa keki hata mshumaa haujawashwa. Na watoto wenyewe huyabandua hayo mapambo wakayaacha sahanini. Vyakula vya pwani vina maumbo ya baharini tayari, ni kuvipanga tu.

Anza na kashata za nazi. Sukari nyeupe vikombe viwili, maji nusu kikombe, iliki. Chemsha mpaka shira ivute uzi ukiinua mwiko, tia nazi iliyokunwa vikombe viwili, koroga mpaka ijiachie pembeni mwa sufuria. Mwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta, sawazisha kwa mgongo wa kijiko, halafu ikiwa vuguvugu kata mshazari kama siku zote. Kitazame kipande kimoja: kina ncha mbele na ncha nyuma, huyo ni samaki. Na vile vipembe vitatu vinavyobaki ukingoni mwa sinia, ambavyo mpishi huwa anavila mwenyewe, ndiyo mikia. Kigusishe kipembe kwenye ncha ya samaki kashata ingali na joto, kibonyeze kidogo, kitashika. Jicho ni punje moja nyeusi ya iliki. Fanya haraka, maana ikishapoa hakuna kinachoshikana.

Rangi ya buluu ina hila yake. Ukiitia kwenye kitu chenye kiini cha yai au siagi ya manjano, unapata kijani cha dimbwi. Itie kwenye vyeupe tu: nazi, tui, sukari. Na tone kwa tone, jamani. Hakuna mtoto anayetaka kula chakula chenye rangi ya wino.

Sasa madau, ambayo ndiyo watoto huyapigania. Usitumie jeli za paketi. Nyingi ni za jelatini, hulegea zikikaa nje mchana, na tena jelatini nyingine hutoka kwa nguruwe, basi soma paketi kabla ya kuwapa watoto wa watu. Chukua agar-agar, wengine tunaiita chaina grasi, ile ya nyuzinyuzi kavu. Inatokana na mwani, huganda yenyewe bila friji, na ikishaganda joto la Mombasa haliiyeyushi mpaka uirudishe motoni. Gramu 10 kwa lita moja ya maji yote pamoja na juisi. Loweka nyuzi, chemsha na maji na sukari mpaka zipotee kabisa. Juisi ya machungwa tia baada ya kuepua, kwa sababu ukali wake ukichemka humo mchanganyiko haushiki sawasawa. Isiwe juisi ya baridi kutoka friji, itaganda mabongebonge.

Machungwa uliyoyakamua ndiyo vyombo vyako. Yakate nusu kabla ya kukamua, kwangua nyama ya ndani kwa kijiko bila kutoboa ganda, kisha kila nusu ikalishe ndani ya kikombe cha chai isipinduke. Jaza hadi ukingoni. Ikiganda, kata kila nusu vipande viwili au vitatu kwa kisu kilicholowa maji, na hapo umepata dau lenye ubavu wa ganda. Tanga ni krispi ya muhogo, zile nyembamba ndefu kama zinazouzwa pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, ila mwambie muuzaji asipige pilipili. Wengine huchomeka vijiti vya meno, lakini mimi kijiti chenye ncha simpi mtoto anayekimbia. Krispi zichomeke watoto wakishakaa mkekani, kwani hulowa upesi.

Mahamri usiyahangaishe na maumbo ya kasa wala pweza. Unga wa hamri hufura, na miguu uliyoibandika hubanduka ndani ya mafuta. Yakate pembe tatu kama kawaida, kisha yasimamishe kwenye sinia ya nazi ya buluu: mapezi ya papa hayo. Nazi unaitia kwenye kopo lenye kifuniko na matone mawili matatu ya rangi, unatikisa. Ikunwe asubuhi ileile isije ikachacha.

Katlesi zifinye upande mmoja ziwe na mkia mfupi mnene, mwembamba utavunjika unapochovya kwenye yai. Pweza ni soseji: ikate katikati, kila nusu ipasue upande mmoja vipande vinane mpaka kama nusu ya urefu wake, na ikiingia kwenye mafuta miguu hujikunja yenyewe. Hivi viwili vikaange mwisho kabisa, nyama isikae juani. Kinywaji, juisi ya ndimu yenye tone la buluu yatosha.

Mabuyu usiyaweke mezani kama wageni watakuja na wadogo zao, wale wa chini ya miaka minne. Kokwa lile likishuka vibaya ni balaa. Njugu na bisi vilevile. Waulize pia akina mama mapema ni mtoto gani hali njugu au mayai.

Keki pika ile yako ya kila siku, kwa moto juu, moto chini. Tandaza mchanga safi ndani ya sufuria kubwa nzito, ipashe moto, weka chombo cha keki juu ya mchanga, funika kwa kifuniko cha bati, panga makaa juu. Makaa ya chini yawe machache, ya juu ndiyo mengi, la sivyo utakula chini mkaa juu uji. Usifunue kabla ya nusu saa. Baadaye choma kwa chelewa safi, ikitoka kavu epua. Ipike usiku wa kuamkia sherehe ipoe vizuri, na asubuhi imwagie sukari ya unga iliyokorogwa nzito kwa ndimu na buluu kidogo. Hiyo hukauka juu, haitelezi. Mchanga wa pwani ni biskuti zilizosagwa, zizungushe chini, panga samaki wako wa kashata. Mishumaa ichomeke kwenye keki, mbali na matanga ya krispi, yana mafuta na hushika moto.