Angalia kwanza kazi inakokwama
Kaka, umeuliza kuhusu programu ya kupanga uzalishaji kwa karakana yako ya samani yenye mafundi 15; usikimbilie kuilipia. Kaa wiki nzima utazame mbao zinarundikana wapi. Kwetu ilikuwa kwenye mashine ya kuranda: fundi wa msasa anakaa bure asubuhi nzima, makabati 6 yako kwenye foleni. Programu tuliyonunua ilipanga kazi kana kwamba mashine ile haichoki. Mteja akaja siku ya ahadi akakuta mbao ghafi. Iliniuma sana.

Kwa hiyo muulize muuzaji wa programu: inahesabu uwezo wa kila mashine na saa za zamu? Mpe oda zako halisi za mwezi uliopita azipange mbele yako, kisha mwambie mashine moja imekufa saa 4 asubuhi. Hapo utaijua.

Ukitaka isiyo na ada ya leseni, jaribu ERPNext, programu ya kuendesha shughuli za biashara; ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia. Unaingiza vituo vya kazi na saa zake, na kila hatua ya kazi inapata kadi yake ya kufuatilia. Utalipia seva na mtu wa kuisimika. Ila kama hujapima kila hatua inachukua dakika ngapi, anza na Excel.